Masika Tulipotia Bwawa Chumvi

Jumamosi, 4 Aprili

Leo mashine ya chumvi imefungwa. Crispus, fundi wa mabwawa, alishuka kwenye tuktuk ameipakata kama mtoto mchanga, nami nilikuwa nimejiandaa kuona dude kubwa lenye kelele. Kumbe ni kijisanduku cha ukutani na kipande cha bomba kinachopitisha maji. Akanieleza polepole: maji yenye chumvi kidogo yakipita hapo, umeme huigeuza ile chumvi ikawa klorini, kidogo kidogo, mchana kutwa. Kwa hiyo sitamwaga tena klorini kwa ndoo.

"Na yatakuwa machungu kama ya bahari?" nikamuuliza.

"La, Mwalimu. Hata machozi yako yana chumvi zaidi."

Nimelitaka jambo hili miaka. Wanafunzi wangu, wanawake watu wazima na binti zao, hutoka majini macho mekundu kama waliotoka matangani. Na Mama, yaani mavyaa wangu Bi Ummukulthum, dirisha lake liko juu ya bwawa hasa. Kila nikitia dawa, hukohoa mpaka mtaa mzima wa Tudor ukajua kwamba mke wa Athmani anafundisha kuogelea.

Shemeji Zakariya alikuja wakati wa chakula. Akasimama ukingoni, mikono mfukoni, akatazama maji kama mtu anayetazama gari bovu. "Mama, hapa pangesimama fleti sita."

"Kula kwanza," akasema Mama.

"Nasema kweli. Bwawa la nini? Baba alilichimba, halafu nani katika sisi aliyeliingia?"

Mama akamega mkate. "Tutazungumza baada ya Idd ya Kuchinja."

Hakusema hapana. Niliosha vyombo kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

5 Aprili

Kabla ya kutia chumvi tulipima maji yenyewe. Bwawa letu hujazwa kwa maji ya kisima cha uani, na kisima cha kisiwani Mombasa hakikosi chumvi yake. Kipimo kikasoma 0.9, maana yake karibu gramu moja katika kila lita. Mashine inataka 3.2. Crispus akapiga hesabu kwenye simu, tukaona magunia manne yatosha. Mengine sita tumeyaweka stoo kwa ajili ya masika, kwa kuwa mvua ikijaza bwawa likafurika, chumvi nayo huondoka.

Tulimwaga kwenye kina kifupi huku tukisugua sakafu kwa brashi ndefu. Mama yuko dirishani.

"Bwawa hilo au mchuzi?"

"Bwawa, Mama."

Jioni alishuka na bakora yake, ngazi moja moja, magoti yakimsumbua kama kawaida. Akainama kwa taabu, akachovya kidole, akaonja.

"Haijakolea," akasema, akarudi juu.

6 Aprili

3.1. Taa ya kijani. Alhamdulillahi.

Utaratibu wangu ni huu: nachota maji mkono ukiwa umezama mpaka kiwiko, mbali na tundu yanamorudia maji ya pampu, kisha nasuuza ncha ya kipimo kwa maji ya betri, yasiyo na chumvi, kabla ya kupima. Athmani, mume wangu, anasema hata mimi nikikorogewa chai nitaipima.

9 Aprili

Mvua ya kwanza ya maana. 3.1.

12 Aprili

Mvua tena, tangu alfajiri. Bwawa limefurika mpaka kwenye mfereji. Nikapima nikitaraji kuona chumvi imeshuka. 3.3.

Nikapima tena. 3.3.

14 Aprili

3.4. Karatasi za kupimia zinakubaliana na kipimo. Nimempigia Crispus.

"Mvua imenyesha na chumvi imepanda?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, labda unachota mahali pabaya."

Nilimjibu kwamba nimezaliwa Mombasa na najua kuchota maji.

16 Aprili

Crispus amekuja na kichupa cha maji ambayo chumvi yake inajulikana. Akatumbukiza kipimo: sawasawa. Akatoa kipimo chake mwenyewe: sawasawa.

"Ni kisima," akasema. "Kuna maji yanaingia kutoka kisimani."

Tumefunga koki ya kisima kwa spana. Mama alituangalia kutoka dirishani akitafuna ubani, uso hauna habari.

19 Aprili

3.7, na koki imefungwa.

Nimeanza kumtilia shaka Crispus. Mtu anayeuza mashine, mashine ikiharibika si atauza nyingine? Nikamwambia Athmani aliporudi kutoka gatini Mbaraki. Akafikiri, akasema labda ni mvuke: maji yakipaa, chumvi hubaki. Nikamwonyesha nje. Mvua ilikuwa ikinyesha wima.

"Basi sijui," akasema, akalala.

22 Aprili

Jael alikuja kuogelea. Ni karani wa reli, mtu wa Vihiga, mwaka jana alikuwa akishika ukingo kwa mikono miwili, sasa anavuka bwawa kwa mkupuo mmoja. Alipotoka aliniambia, "Mwalimu, ngazi ya pili ina mchanga." Nikapapasa. Si mchanga, ni punje za chumvi. Nikasema ni mabaki ya siku ile ya kwanza, hayajayeyuka. Sasa naandika haya na najiuliza: chumvi gani hukaa majini zaidi ya wiki mbili isiyeyuke?

24 Aprili

4.2. Mama kaniuliza kwa upole nimekonda kwa nini.

27 Aprili

Taa nyekundu. Mashine imejizima yenyewe. 4.6.

Nimefuta madarasa ya wiki nzima. Zakariya alipiga simu kumsalimu mamake, na Mama akamwambia, nikisikia, "Bwawa limeharibika, mwanangu." Sikuisikia huzuni katika sauti yake. Nimewaza mengi mabaya usiku huu, mengine siyaandiki.

Jumanne, 28 Aprili

Nimekaa na kalamu muda mrefu, sijui nianzie wapi. Nianze alfajiri.

Baada ya sala sikulala. Nilitaka kupima maji kabla pampu haijaanza, nione kama chumvi imelala chini. Nikashuka pekupeku, na kipimo mkononi. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Ukuta wa bwawa ulionekana, na asumini za Mama zilizoupanda. Kisha nikasikia maji yanachezwa.

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya pili ya bwawa, kanga mbili zimemlowa mpaka kiunoni. Pembeni yake kopo la maziwa ya unga limejaa chumvi. Mkononi ana mwiko, ule mwiko wetu mrefu wa pilau ya arusi, na anakoroga.

"Mama! Wafanyani?"

Hakushtuka. "Nakoroga. Isipokorogwa hukaa chini."

"Mama, ni wewe? Siku zote hizi ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

"Chumvi!"

Akalitazama kopo, akanitazama. "Mulitia kidogo. Nilikwambia haijakolea, hukunisikiza. Nikasema watoto hawa waogopa. Nami ufunguo wa stoo ninao." Akanyoosha mguu ndani ya maji, taratibu. "Nilipokuwa msichana nikiumwa na miguu, nyanyangu akinikalisha baharini mpaka vidole vikunjane. Bahari ndiyo dawa. Hii yenu ni maji ya kupikia."

Nilikuwa na hasira, sikatai. Nilimweleza, sauti ikinipanda, kwamba mashine imezimika kwa sababu yake, kwamba angeteleza angekufa na hakuna ambaye angesikia, kwamba nimemdhania Crispus mwizi, kwamba bwawa si bahari na halitakuwa bahari hata tukimwaga chumvi yote ya mashamba ya Gongoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ushamaliza? Basi keti, wanisimamia kama askari."

Nikaketi kwenye ngazi ya juu, nguo na yote.

"Yule msichana wa hospitali anayeninyoosha viungo, Beryl, aliniambia nitembee majini. Nikamjibu sikuzaliwa samaki. Lakini nikifika nyumbani nawaza. Nikishuka mchana, nyote mutanizunguka kama jeneza. Mama shika hapa, Mama taratibu, Mama utaanguka. Alfajiri hakuna mtu wa kunikumbusha kwamba ni mgonjwa."

"Umeanza lini?"

"Tangu ile harufu ya dawa ilipoondoka. Siku ya kwanza nilitia vidole. Sasa nafika hapa." Akapiga maji kwenye ngazi ya pili kwa kiganja, kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Kunguru wakaanza. Nikamuuliza lile lililokuwa likinikaba tangu siku aliyokuja Zakariya.

"Mama, wataka bwawa hili lifukiwe?"

"Nani kasema?"

"Hukumkatalia Zakariya."

"Zakariya ukimkatalia kabla hajala, hali." Akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Maisara, babaake alilichimba hili kwa ajili yangu. Nilimwambia siku moja napenda maji, basi mtu yule akaleta vibarua. Akajenga na ukuta, nisionekane. Nami nikaona haya. Kila mwaka nikimwambia mwakani. Hata alipofariki sijatia mguu." Akauweka mwiko juu ya mapaja. "Sasa niambie, nilipotia chumvi nimeharibu kabisa?"

Miaka kumi na tano nimeishi na mwanamke huyu nikidhani anakohoa kunikera.

"Haikuharibika, Mama," nikamwambia. "Imezidi tu."

Nilimsaidia kuinuka. Hakutaka kushikwa, akanishika yeye.

29 Aprili

Nimempigia Crispus kumwomba radhi. Nilipofika kwenye mwiko alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alikuwa na adabu: chumvi haichujwi wala haichemshwi ikaisha. Dawa ni moja, kupunguza maji na kuongeza yasiyo na chumvi.

Maji ya bomba hayajatoka Tudor wiki ya pili sasa. Kisima kina chumvi yake. Imebaki mvua.

2 Mei

Jua.

3 Mei

Jua kali. Mji mzima unasema afadhali nguo zikauke.

5 Mei

Mama amekwenda Biashara Street na Jael kutafuta kitambaa cha vazi la kuogelea. Wamegusa nguo za maduka matano. Mama alikuwa akimwuliza kila mwenye duka, "Hiki kikilowa chaonyesha?" na mmoja, kijana wa watu, alishindwa kujibu, akamwita babake. Wamerudi na kitambaa kizito cha kijani, wote wawili wamechoka na wamefurahi, wakila visheti kwenye karatasi. Jael sasa anamwita Mama "shosti". Mama anaitikia.

Ufunguo wa stoo ameniachia mezani, bila neno.

9 Mei

Maji yameanza kugeuka rangi ya maji ya mchicha. Crispus ametia klorini kidogo ya mkono ili yasioze, na Mama akakohoa, na safari hii nilipanda kumfungia dirisha.

Tumekata shauri. Tunapunguza maji karibu dhiraa moja, ili mvua ikija ikae bwawani badala ya kufurika. Na Crispus amewaza jambo: paa letu la mabati ni kubwa mara nne ya bwawa. Tukiyaelekeza maji ya paa bwawani, mvua moja nzuri yatosha.

"Na kama mvua haiji?" nikauliza.

"Mwalimu, huu ni mwezi wa tano na hapa ni Mombasa."

Tulipowasha pampu ya kutolea maji, Mama alisimama dirishani kama nahodha. "Ole wenu maji hayo yafike kwenye asumini zangu!" Tukauvuta mpira mpaka kwenye mfereji wa barabarani. Sasa bwawa limepungua, la kijani, na Zakariya anakuja Idd.

11 Mei

Mawingu, hayakushuka.

12 Mei

Mawingu. Yakaenda Likoni.

Alhamisi, 14 Mei

Imekuja!

Ilianza saa nne asubuhi. Kwanza upepo, ukang'oa nguo za jirani, kisha tone moja moja zito kama sarafu juu ya mabati. Crispus alikuwa kazini upande mwingine wa mji, nikampigia, akasema, "Muache maji ya kwanza yapite, yanaosha uchafu wa paa. Yakitoka meupe ndipo muunganishe. Nakuja." Jael alikuwa likizoni, akafika na mwavuli uliopinduka. Athmani hakuwepo. Tulikuwa wanawake watatu, mmoja ana bakora.

Sijapata kuona mvua kama ile. Michirizi ya paa ilifurika, maji yakashuka kwenye kona zote mbili kama yamekasirika. Mimi nilipanda ngazi ya mti, Jael akaishika, nikajaribu kulichomeka bomba pana aliloliacha Crispus kwenye mchirizi. Linateleza. Nalichomeka, linatoka na kunipiga kifuani. Mama yuko dirishani, kichwa nje, kalowa, anaelekeza.

"Kushoto! Si kushoto kwako, kushoto kwangu!"

"Mama, funga dirisha!"

"Lifungeni kwa kanga!"

Akaitupa kanga. Ikashuka ikizunguka, Jael akaidaka kwa meno kwa kuwa mikono yake yote iko kwenye ngazi. Nikaifunga kanga bombani, mafundo matatu, nikakaza kwa nguvu zote. Nikayakagua maji kiganjani: meupe, safi. "Liache liende!" Jael akalielekeza bomba bwawani na maji yakaingia kwa kishindo.

Kona ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Bomba la huko halikufika, lilipungua kama urefu wa mtu. Nilikuwa nakaribia kulia, maana mvua za Mei hukatika ghafula. Hapo lango likafunguliwa na Crispus akaingia mbio, mabuti yamejaa maji, na kipande cha bomba begani. Alipoona tumelowa alisimama kwanza akageuza uso, mtu mwenye heshima, mpaka Mama akampigia kelele kutoka juu, "Wewe fundi, wangoja hodi ya nani? Ingia!" Akaingia. Tukaunganisha.

Kisha hakukuwa na kazi tena. Tulisimama barazani, sisi watatu chini na Mama ameshuka kwa bakora yake, tukalitazama bwawa likipanda. Maji yalifika kwenye alama ya vigae vya buluu saa tisa. Mama alichemsha chai ya tangawizi, akamkabidhi Crispus kikombe cha kwanza.

"Nimesikia ulisingiziwa kwa ajili yangu," akamwambia.

"Si neno, Bi Ummu."

"Ni neno. Kunywa."

16 Mei

Tuliiacha pampu izunguke siku mbili ndipo nikapima. Nikachota mkono mpaka kiwiko, nikasuuza ncha, nikafumba macho kidogo.

3.3.

Crispus akawasha mashine. Taa ya kijani. Jael alinikumbatia tukaanguka majini.

17 Mei

3.3.

20 Mei

Mama ameingia mchana, mbele ya watu. Vazi la kijani halikuonyesha kitu, lakini hewa iliingia chini yake likapanda juu kama mwavuli, Mama akabaki katikati akilipiga kwa viganja, "Shuka! Shuka!" Darasa zima lilikaa kitako kwa kicheko, na yeye akacheka kuliko sote. Beryl alikuja kumtembeza. Hatua kumi, kisha ishirini, ameshika ukingo. Hakukohoa hata mara moja.

Jioni tumeshona vipande vya risasi kwenye pindo, lisipande tena.

25 Mei

Anatembea bila kushika ukingo. Hanitaki karibu, ananitaka mbali kidogo, mahali atakaponiona.

Alhamisi, 28 Mei

Jana ilikuwa Idd. Leo, saa nne, Zakariya amekuja na fundi wa ujenzi. Fundi ana futi ya kukunjua na kofia ya manjano. Zakariya bado kavaa kanzu yake ya sikukuu.

"Idd mubarak, shemeji. Mama yuko wapi?"

"Bwawani."

Alidhani natania. Akasukuma mlango wa ukuta, na sauti ya Mama ikatoka kabla hajatia mguu.

"Fundi asubiri nje! Zakariya, ingia peke yako."

Nilimfuata. Mama alikuwa katikati ya bwawa, maji yamemfika kifuani, anatembea. Polepole, mikono imetanuliwa, kama mtu anayepita sokoni siku ya watu wengi. Alifika ukingo wa pili, akageuka, akarudi. Zakariya alisimama ukingoni. Nadhani alikuwa hajamwona mamake akitembea bila bakora tangu mtoto wake mkubwa aanze shule.

"Mama, magoti?"

"Yako huko juu na bakora. Humu sina magoti."

"Nimekuja na fundi apime."

"Nimemwona. Zakariya, nyumba ni yangu na bwawa ni langu, babako alinipa mimi. Wataka fleti, tafuta kiwanja, nitakuombea dua. Hapa, hapana." Alisema bila ukali wowote, huku akiendelea kutembea. Kisha akaninyoshea mikono. "Maisara, nivushe pale kwenye maji marefu."

"Mama, pale miguu haifiki."

"Ndiyo nasema univushe."

Niliingia. Tukaenda hatua kwa hatua mpaka sakafu ikaanza kuteremka. Nilihisi wakati vidole vyake vilipoachana na vigae, kwa sababu kucha zake ziliniingia mikononi. Nikamwambia alaze kichwa, atazame juu, asipigane na maji. Akalaza. Nikatia kiganja changu chini ya mgongo wake, na taratibu uzito ukapungua, ukapungua, mpaka nikawa nashika maji matupu. Mama alikuwa anaelea. Nywele zake za mvi zilimtandaa pembeni. Alifumba macho, akafumbua, na kifua chake kikawa kinacheka bila sauti.

Nilipotazama ukingoni, Zakariya alikuwa amevua viatu. Ameketi, kanzu ameikunja mpaka magotini, miguu majini, anamtazama mamake kama alivyokuwa akimtazama, nadhani, alipokuwa mdogo.

"Zakariya," Mama akasema, macho mbinguni.

"Labeka, Mama."

"Yule fundi yuwangoja juani. Mpelekee chai."

Akaenda vile vile, miguu mitupu, akitiririka maji mpaka jikoni.